Baba Kwenye Bango la Jogoo Road

Kila Jumamosi naanza kuogopa saa saba mchana. Saa saba ndio baba anafunga kazi. Yeye ni dereva, ana pikapu yake ya zamani, anabebea watu wa soko ya Kariokor viatu vya ngozi na akala za tairi kupeleka maduka ya nje ya mji. Wiki mzima hagusi pombe. Jumamosi anakuja nyumbani Ziwani kula, halafu anaenda na pikapu mpaka baa moja huko Makadara, na anarudi nayo. Ukimuuliza amekunywa ngapi, jibu ni lile lile tangu nikiwa nasari: "Ni mbili tu."

Kuna siku alirudi bila kioo cha pembeni. Kimeng'oka chote, waya zinaning'inia. Mama akamuuliza kiko wapi. Akazunguka gari, akaangalia, akasema, "Ai, si kilikuwa hapa?" Hakuwa anajua. Hiyo gari ilikuwa imegonga kitu, ama mtu, na mwenye kuiendesha hakuwa anajua. Nilishuka nikaangalia bampa kama kuna damu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Damu haikuwa, lakini tangu hapo nikisikia pikapu inaingia, kwanza naangalia mbele yake, ndio nasalimia baba yangu.

Matumaini yangu ilikuwa matangazo ya TV. Unajua yale: gari imekunjwa kama kopo la soda, muziki ya huzuni, sauti nzito inakuambia ukinywa usiendeshe. Tangazo likianza nilikuwa naongeza sauti makusudi. Mimi nilikuwa nafunga macho, mama anaenda jikoni, na baba, mwenye tangazo ni lake, anakaa anaichambua kama mpira.

"Ona huyo. Kona kama hiyo unaingia na mwendo gani? Huyo si pombe, huyo hakufundishwa kuendesha."

"Baba, lakini amekufa."

"Amekufa kwa ujinga. Mimi nikishika mbili naenda pole pole kushinda mwalimu wako wa Sande skuli."

Hapo nilikasirika na watu wa matangazo. Kwani wanatengenezea nani hizi vitu?

Nikaja kuwauliza wenyewe. Mwaka nilimaliza sekondari nilikuwa nakaa tu nyumbani nikingoja matokeo. Watu wa matangazo wakakuja kwa ukumbi wa mtaa wakitafuta sura za kawaida za bango jipya, na wakanichagua. Nilipaswa kushika picha ya marehemu ndani ya fremu, vile mtoto hushika akitangulia jeneza, na utepe mweusi umepitishwa kwa kona.

Kabla ya siku ya kupigwa picha nilimuuliza mpiga picha, akanieleza. Alikuwa mzee mpole, ana kofia ya sufu. "Ukionyesha damu, mtu anabadilisha chaneli. Ukionyesha gari imepondeka, mlevi anasema yeye anajua kuendesha. Hakuna mlevi anaamini atakufa. Lakini kila mlevi anajua kuna mtu anamngojea nyumbani. Sisi tunamwonyesha huyo mtu." Akaniuliza kama najua mtu anakunywa na anaendesha. Nikasema najua. "Huwa anasema nini akirudi?"

Nikamwambia. Akaandika kwa kitabu chake.

Halafu akasema nikuje na picha ya mwanaume yeyote mzima, haijalishi, itakuwa ndogo, hakuna mtu ataitambua. Ningeweza kuchukua picha ya kalenda. Ningeomba jirani. Nilitoa picha ya baba kwa ukuta wa sebuleni, ile amevaa suti ya harusi ya shangazi, na nikaibeba kwa mfuko wa karatasi. Nilijiambia ni kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu. Hiyo ni uongo. Nilitaka aogope vile mimi huogopa.

"Usilie," mpiga picha alikuwa ananiambia. "Ukilia watakuonea huruma wewe, waendelee na safari. Niangalie tu kama mtu anangoja kuelezwa." Hiyo haikuwa ngumu. Nimefanya hiyo sura Jumamosi zote.

Bango likapandishwa Jogoo Road, kubwa kama nyumba. Mimi, fremu, utepe mweusi, na maandishi juu: ALISEMA NI MBILI TU. Picha haikuwa ndogo hata kidogo. Ungetambua mpaka meno ya baba. Nilisimama chini yake. Nilikuwa nimeshika baba yangu kama maiti, mbele ya kila mtu anapita.

Siku ya pili wamama watatu wa kanisa wakabisha mlango. Wamebeba sukari, majani chai na unga pakiti mbili. Wa mbele akamshika mama mabega, akaanza kulia.

"Pole mama, pole sana. Mbona hamkutuambia?"

"Niwaambie nini?"

"Si tumeona kwa barabara! Jamani, na vile alikuwa mtu wa watu."

Baba akatoka bafu na vesti, taulo begani, povu ya sabuni kwa sikio. "Nani amekufa?"

Mmoja alipiga nduru na kuangusha unga. Mwingine, Mungu ambariki, akajikaza akasema, "Basi sukari tutaiacha tu, ni ya chai."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa ameona bango. Aliona kesho yake, akipeleka mzigo. Na huko Kariokor wakamngoja.

"Marehemu! Umefufuka saa ngapi?"

"Wacheni mzee, ametoka huko jana tu, bado ana usingizi."

"Buda, huko bia wanauza baridi ama ya moto?"

Hizi alituambia mwenyewe wakati wa kula, lakini hakuwa anacheka tena. Akaweka kijiko chini, akaniangalia. "Umenizika barabarani nikiwa mzima." Mama naye akaongea bila kuniangalia. Kwao kifo haichezewi. "Umeita kifo. Sasa omba isisikie." Fremu ilikuwa imerudi nyumbani na utepe wake. Mama akakataa irudi ukutani, nikaificha chini ya kitanda changu.

Na baba hakuacha. Hapo ndio nilijua uoga ni kitu gani. Alianza kutoka mapema na kurudi akipiga honi kutoka getini, ndio kila mtu ajue marehemu amefika. Jumamosi moja alipanda na pikapu kwa ukingo wa barabara hapo nje, watoto walikuwa wanacheza bano, gololi zao, wakaruka kila mtu na upande wake. Akashuka akisema, "Ni mbili tu!" kwa sauti, akiniangalia. Nilikuwa nafikiri nimemuua, bado siku tu.

Baadaye bango likatolewa, wakaweka la unga wa chapati. Nilipoona hivyo sikufurahi. Nilifikiri sasa hata hiyo aibu haiko ya kumshika.

Jumamosi iliyofuata baba alikula, akanawa mikono, akachukua ufunguo. Mama alikuwa ameshuka na huo ufunguo baba akiendelea kula, kutoa gunia la viazi kwa gari. Nilisimama dirishani, kama kawaida yangu. Baba akafungua mlango wa pikapu na akabaki hapo, mguu mmoja ndani.

Halafu akainama, akatoa kitu kwa kiti cha dereva. Jua likapiga kioo. Ilikuwa fremu, na utepe wake. Alikuwa amejikuta mwenyewe amekaa mahali pake.

Nilikimbia kuangalia chini ya kitanda. Haikuwa. Mama alikuwa anachagua maharagwe jikoni, kichwa chini.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi nini? Chota maji."

Nikarudi dirishani. Baba aliangalia juu, mimi nikajificha nyuma ya pazia. Nikangoja injini. Ile pikapu ikiwaka hata jirani anajua. Nikahesabu mpaka mia mbili. Niliposukuma pazia, fremu ilikuwa imerudishwa kwa kiti, uso juu, mlango umefungwa, na baba alikuwa anatoka getini kwa miguu, anazungusha ufunguo kwa kidole.

Hata hivyo niliogopa. Mtu wa miguu pia hugongwa. Nilikaa kwa ngazi mpaka jua likaanza kuwa la machungwa, ndio nikaona shati lake. Alikuwa anayumba kidogo, viatu vimejaa vumbi, jasho kwa kola. Akapita kando yangu bila salamu, akasimama mlangoni ambapo mama angesikia.

"Leo zilikuwa nne," akasema.

Hakuna mtu alikuwa ameuliza. Mama akamwekea chai, ile ya sukari ya matanga yake. Mimi nilibaki kwa ngazi, nikiangalia mbele ya pikapu. Bampa ilikuwa safi. Pikapu haikuwa imetoka.