Injini Iliyokataa Kuzimika

Tangu mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga ulipomkata Saroeun vidole viwili, mkewe Phally hakuweza tena kukaa akamaliza sahani ya wali. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa akivuta wenzo wa kuzimia injini. Ulikuwa umeshika kutu, akauvuta kwa mikono miwili huku mumewe akilia. Sisi majirani tulimsikia mpaka ng'ambo ya mto.

Mavuno yalipokaribia, Saroeun akasema anarudi kazini. Phally hakubishana. Alipanda pikipiki hadi Battambang mjini, akarudi na solenoidi, yaani vali ya umeme ya kufungia mafuta, waya, na kitufe kikubwa chekundu. Umeme aliujua, kabla ya kuolewa alifunga nyaya za boti kwa baba yake. Akatoa waya kwenye swichi ya ufunguo, akaupitisha kwenye fyuzi, kisha kwenye kitufe kando ya mkanda, mpaka kwenye solenoidi iliyo juu ya pampu ya dizeli. Umeme ukiwepo mafuta yanapita, ukikatika, kwa kitufe au kwa ufunguo, springi inafunga. Alimweleza mumewe kwamba hata panya akitafuna waya, injini itazimika.

Alipofungua ufunguo, solenoidi ililia tak. Akawasha injini, akaiacha ipate moto, akabonyeza kitufe. Injini ikaendelea kunguruma. Akafunga ufunguo, wapi. Ikabidi avute ule wenzo wa zamani.

"Si yatosha, mama Dara?" Saroeun alisema. "Wenzo nimeupaka grisi."

"Wenzo uko huku. Mkono wako uko kule kwenye mkanda."

Phally hakula mchana. Aliwasha tena, akafunga ufunguo, akagusisha taa ya kupimia kwenye solenoidi, ikawaka. Umeme ulikuwa ukitoka wapi? Akafuata waya mmoja mmoja mpaka kwenye alteneta inayochaji betri. Waya mdogo wa taa ya chaji alikuwa ameuunga palepale kwenye solenoidi, kwa kuwa ndipo karibu. Injini ikizunguka, alteneta inarudisha umeme kwenye solenoidi kupitia waya huo. Akaukata, akaupeleka kwenye pini ya peke yake kwenye swichi.

Safari hii Saroeun ndiye aliyebonyeza. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Phally akamwambia arudie. Akarudia mpaka akalalamika kwamba betri itakwisha kabla mpunga haujafika.

Mpunga ulipofika, nami nilipeleka magunia yangu. Niliinama kuokota kamba, mkanda ukanasa skafu yangu ukanivuta magoti chini. Saroeun alikigonga kitufe kwa kiwiko, mkanda ukasimama. Nilibaki na alama shingoni na kipande cha skafu mkononi.

Phally alikuja mbio kutoka jikoni. Alinitazama shingo, akaona napumua, akanipita akaenda kushika nyaya, moja baada ya nyingine. Kisha akamwambia mumewe awashe, azime, awashe tena. Magunia yangu yakangoja.