Saa ya Dubai mjini Koboko

Wiki iliyopita nilipeleka simu ya marehemu mke wangu kwa fundi mmoja wa Koboko, anibadilishie betri. Akaingia binti aliyekuwa anakwenda kufanya kazi Dubai, pamoja na mama yake.

"Fundi, hii simu itafanya kazi kule?" binti aliuliza.

"Itafanya. Utanunua laini ya kule. Saa itabadilika yenyewe, wao iko mbele yetu saa moja."

Mama alifungua fundo la kitenge akatoa simu ndogo ya vitufe.

"Na yangu, weka saa ya kule."

Fundi alicheka. "Mama, utakosea swala!"

"Swala iko na adhana. Hii saa ni ya mtoto. Nataka kujua saa gani anakula, saa gani analala."

Binti aligeukia ukutani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Fundi akaacha kucheka, akabonyeza vitufe polepole.

Sasa majirani watakaomwuliza mama yule saa watafika harusini mapema kwa saa nzima. Koboko hatujazoea jambo hilo, lakini sidhani Mungu atalikataa.