Cheti cha Upole

Mwezeshaji alikuja na projekta na ukweli wote wa dunia. Akina mama tulijazana kwenye ukumbi wa kanisa mjini Bukoba kufundishwa kwamba watu ni wa aina nne, basi, na kila aina ina magonjwa yake. Wenye hasira kinga yao ya mwili huchoka mapema. Wapole hawaugui ovyo. Aliyasema hayo huku akipenga kamasi kwenye leso.

Mdogo wangu alikuwa ametoka Ijumbi, amefikia kwangu Kibeta, na miwani ameisahau kwake. Nikamjazia fomu mimi. Swali la kwanza nilimsomea. Mengine sikuona haja. Je, huwa unameza maneno? Hapana. Je, hukosa usingizi kwa uchungu? Hapana. Nani asiyemjua? Tangu mumewe afariki, shemeji zake huja kila Jumapili baada ya ibada kumweleza anaruhusiwa kulima kibanja alichoachiwa mpaka mgomba upi, naye huwaletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo na kutabasamu. Ukoo mzima humsifu. Kumsifu ni rahisi kuliko kumwachia shamba lake.

Majibu yakamtoa mpole kuliko wote; akasimamishwa mbele, akapewa cheti, tukapiga makofi. Mimi niliambiwa nijihadhari, nitaugua. Bado nasubiri.

Wiki tatu baadaye aliletwa kwangu, nusu ya paji la uso imejaa malengelenge, jicho moja limevimba na kufumba. Mkanda wa jeshi. Alikuwa amekaa nao siku nne bila kumwambia mtu, maana wangemcheka, mpole mwenye cheti anaumwaje? Nilimtukana yule mwezeshaji njia nzima hadi hospitali, na nilijisikia vizuri sana.

Daktari alisema jicho bado linaweza kuokolewa, ila tumechelewa. Ugonjwa huo, alieleza, ni tetekuwanga ya utotoni iliyolala mwilini; kinga ikilegea, pengine kwa msongo wa mawazo, huamka. Nikamuuliza kuhusu zile aina nne. Akasema hajawahi kumtibu mtu kwa fomu. Nilimpenda papo hapo.

Kisha akamgeukia mdogo wangu, akamuuliza kama kuna jambo linalomsumbua nyumbani.

“Huyu hana shida,” nikadakia. “Ni mpole tangu utotoni.”

Mdogo wangu aliniangalia kwa lile jicho lililobaki wazi.

“Dada, fomu ulijaza wewe. Hapa niache nijibu mwenyewe.”

Akajibu, tena kwa muda mrefu, na daktari hakumkatiza. Alianza na shemeji zake. Kisha akanifikia mimi.