Mdoli Mwenye Sura ya Zimwi

Jumanne nilikuwa kwenye ofisi ya vifurushi, stendi ya Kayanga. Mbele yangu alisimama mama mtu mzima, viatu vyake vina udongo wa shambani. Alifungua boksi lake palepale kaunta. Ndani mlikuwa na mdoli wa mitindo ya mavazi mwenye sura ya zimwi: ngozi ya kijani, meno mawili yamechomoza, gauni kama utando wa buibui.

Roho iliniuma. Nakusanya midoli ya aina hiyo tangu shule ya msingi, na huyo nimemtafuta miaka mingi bila kumpata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Wanasema midoli hiyo huleta mikosi nyumbani. Ukipenda, nikuondolee mimi." Nilijua nasema uongo.

Alimnyoosha mdoli nywele kwa kidole, taratibu. "Ninayo kumi na minne kule Kamuli, na migomba yangu inazaa vizuri tu."

Karani akacheka. "Si ni ya wajukuu, mama?"

"Wajukuu wana ya kwao. Huyu ni wangu."

Alisema kwa sauti ambayo ofisi nzima ilisikia, akafunga boksi, akaenda kupanda bodaboda.

Karani akanisogezea kifurushi changu. "Na wewe dada, umeagiza nini?"

"Mdoli wa mtoto wa kaka yangu," nikajibu, kama ninavyojibu siku zote.

Nilitoka na wivu wa namna mbili, na ule wa mdoli ndio uliokuwa mdogo.