Makaburi ya Saruji

Kaburi la kwanza la uongo mtaani kwetu lilikuwa zuri kuliko makaburi mengi ya kweli niliyowahi kuona. Lilijengwa na jirani wa upande wa pili wa barabara, muuza vipuri vya boda boda, kwa matofali na saruji iliyosuguliwa ikang'aa, na juu yake msalaba wa nondo uliopakwa rangi nyeupe. Asubuhi nilipotoka kwenda shuleni halikuwepo. Jioni niliporudi lilikuwa pale mbele ya ukuta wake, saruji bado mbichi, na kuku alikuwa ameshaacha nyayo zake juu. Nilimuuliza ni nani aliyefariki. Akanijibu bila kupepesa macho kwamba ni mjomba wake. Nikampa pole. Nilipofika nyumbani nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu ukuta ule ulikuwa umechorwa alama kubwa nyekundu ya kuvunjwa, na mtu yeyote wa mtaa wetu wa Gurei angeelewa mjomba yule ametokea wapi.

Mimi ni mwalimu, Mkenya, mmoja wa wengi tuliovuka mpaka kuja Juba kutafuta riziki. Nimepanga chumba kwa mama mmoja anayeuza samaki wakavu soko la Konyo Konyo. Alikulia ukimbizini Uganda, akarudi akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake ni cha huko, kimechanganyika na Kiarabu cha Juba. Hunipikia chai kabla sijaamka vizuri, kisha hunigombeza nikiiacha ipoe. Mtaa mzima unamwita Mama, nami nikamwita hivyo hivyo, na baada ya muda nikawa namaanisha.

Barabara yetu iliwahi kumwagiwa moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, zamani, kabla sijafika. Mvua ikaila kidogo kidogo mpaka yakabaki mawe na makorongo. Mvua ikinyesha, lori la maji lilikuwa likisimama kule mwanzo wa mtaa, nasi tunalifuata na madumu. Boda boda walikataa kuingia, na waliokubali walitaja bei ya kukukomoa. Mgonjwa alibebwa mabegani. Hivyo ndivyo Mama alivyompoteza binti yake.

Sikuwepo, nimesimuliwa tu. Uchungu ulimshika binti asubuhi, mvua ikinyesha, na hapakuwa na gari lililoweza kuingia. Wanaume wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakakiinua, na muuza vipuri alishika mguu wa mbele. Waliteleza, wakaweka chini, wakainua tena. Kabla ya kuifikia barabara kuu ya lami binti alikuwa amenyamaza, na mtoto wake naye tumboni. Wakageuza kitanda wakarudi naye nyumbani.

Juba watu wengi huzika nyumbani. Lakini sisi tuko karibu na mlima, na kiwanja cha Mama ni mwamba mtupu, jembe linagonga jiwe kabla hujatoka jasho. Udongo laini ulikuwa mbele tu, nje ya ua, ukingoni mwa barabara. Wakamzika hapo. Muuza vipuri alikuwa miongoni mwa waliochimba. Baadaye Mama akaona mbuzi wa watu wanalala juu ya kaburi, akausogeza ua wake wa mianzi mbele ukalizunguka. Wenzake mtaani walikuwa wamesogeza nyua zao kwa ajili ya choo, kibanda cha duka, au chumba cha kupangisha. Yeye alisogeza kwa sababu ya mbuzi. Kwenye ramani wote walikuwa wamekula barabara.

Kaburi lenyewe halikuwa na saruji. Lilikuwa tuta la udongo lililozungushiwa mawe, na bakuli la enameli la binti limefunikwa juu yake. Msalaba wa mti ulishaliwa na mchwa.

Basi likaja shirika moja lenye fedha za barabara za mitaa, likakubali kutukarabatia yetu: greda, moramu mpya, kushindiliwa vizuri, na mitaro pande zote mbili. Nasi tuchange dizeli ya greda, na tuifungue barabara kwa upana wake wa kwenye ramani. Hakuna aliyeihangaikia kazi ile kama Mama. Alizunguka nyumba kwa nyumba akitoka sokoni, bado ananuka samaki. Aliyemwambia wiki ijayo, alimkalia uani mpaka wiki ijayo ikawa leo. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajichosha hivyo.

"Mwalimu, mtoto yangu alikufa njiani," akasema. "Mimi nataka njia."

Mkutano ulifanyika kwenye rakuba ya kanisa, kile kivuli cha miti na nyasi tunachokikalia kwa kila shughuli. Mwenyekiti wa mtaa ni askari mstaafu, alihamia kwetu kutoka mtaa wa Hai Malakal miaka ya karibuni, msiba wa Mama ukiwa umeshapita, na sauti yake bado ni ya gwaride. Alitangaza kwamba kila kitu kilichoingia barabarani kitavunjwa, kiwe ukuta, kiwe choo. Mama akasimama.

"Na gabur? Mimi iko na mtoto pale, ndani ya gabur."

Mwenyekiti akavua kofia. "Gabur hapana guswa," akasema. "Kama kuna kaburi, barabara itapinda."

Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Lilikuwa neno la kiungwana. Ubaya ni kwamba lilisemwa kabla alama nyekundu hazijachorwa, na wachoraji walipita kesho yake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwetu ilikuwa na wasafiri wengi. Baada ya mjomba wa muuza vipuri, misiba ikafuatana. Nyumba moja ilipata makaburi mawili kuulinda choo kimoja. Kwingine msalaba ulikuwa bado na karatasi ya bei ya dukani. Bwana mmoja alimjengea baba yake kaburi zuri la marumaru za bafuni, kisha baba mwenyewe akaja kutembea kutoka mji wa Yei, akakaa juu yake akinywa chai. Nilikuwa nikirudi na habari hizi kila jioni kumchekesha Mama. Hakucheka hata mara moja. Aliendelea kupanga samaki wake, na siku moja akasema, "Hawa watu nacheza na kitu hapana jua."

Mhandisi wa shirika alikuwa Mkenya mwenzangu. Aliporudi kupima mara ya mwisho alishuka kwenye gari, akautazama mtaa juu na chini, halafu akanitazama mimi.

"Mwalimu, kwani mlipatwa na kipindupindu? Nilipotoka hapa mlikuwa wazima."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema barabara ikipinda kwenye kila mlango, maji yatakaa katika kila kona, na moramu yote itakuwa mtoni kabla ya mwaka kwisha. Halafu wenye fedha wameshamwambia: mwezi ukiisha kabla njia haijafunguliwa, fedha zinahamia mtaa mwingine.

Tukarudi rakuba. Safari hii mwenyekiti hakuvua kofia. Alikuwa amechekwa mjini kote, na mtu mzima aliyechekwa ni mtu hatari. Akasema kwake yeye makaburi yote sasa ni ya uongo. Mwenye la kweli alete shahidi, mtu aliyeshika jembe kwa mkono wake, aseme mbele ya watu wote.

Mama alisimama bila wasiwasi. Alimgeukia muuza vipuri.

"Wewe nabeba yeye. Wewe nachimba. Sema."

Yule bwana aliangalia viatu vyake. Nyuma ya kaburi lake la saruji kulikuwa na chumba cha kupangisha kilichokuwa kinalisha watoto wake, na najua hilo lilikuwa na uzito wake. Lakini alichosema sijakisamehe.

"Mama, mimi nitasema ya kwako ni ya kweli. Na wewe useme ya kwangu ni ya kweli. Tusaidiane."

"Nani alikufa kwako?"

Yule bwana akajipangusa vumbi gotini.

"Mimi nauliza vizuri. Nani?"

Akakaa. Mama akawatazama wengine waliobeba kitanda siku ile, mmoja mmoja, na kila mmoja akakumbuka saruji yake nyumbani. Hakuna aliyeinuka. Nikainuka mimi. Sikumbuki yote niliyosema, najua nilipaza sauti kama ninavyofanya darasani, nikawaita waoga. Mwenyekiti alinisubiri nimalize.

"Mwalimu," akasema taratibu, "siku hiyo wewe ulikuwa Kenya."

Ilikuwa kweli. Nikakaa. Mwenyekiti akamwambia Mama, "Malesh," ambayo ndiyo pole ya Juba, inayotosha kwa kukanyagana mguu. Greda litapita moja kwa moja.

Siku ya greda watu walijaa kama harusini. Likaanza upande wa lami. Kaburi la kwanza lilipogongwa liligawanyika, ndani mna chupa tupu za bia, na watoto wakashangilia. La pili lilikuwa na hewa tu. Mjomba wa muuza vipuri aliondoka kwa pigo moja, na hata mkewe alicheka. Nakumbuka nilivyouchukia mtaa mzima wakati ule, na barabara yao, na mimi mwenyewe kwa kuwa nimesimama nao.

Greda lilipofika kwetu, Mama alikuwa mbele ya tuta, amevaa nguo zake za kanisani, jembe mkononi. Nilidhani atalala chini mbele ya gurudumu. Badala yake aliinua lile bakuli la enameli, akalifuta vumbi kwa kiganja, akanipa nilishike.

"Nyinyi nataka shahidi," akasema. "Ngojeni."

Akaanza kuchimba. Mhandisi akampigia kelele dereva azime injini, akaja mbio, "Mama, tumeamini, wacha, tafadhali." Nami nikamwomba, nikimvuta mkono. Alinisukuma kwa kiwiko bila kunitazama. Hakukuwa na mtu aliyecheka tena. Alichimba kama anavyofanya kila kitu, bila papara, mpaka jembe likaleta kitenge juu.

Kilikuwa kimeoza, lakini maua yake ya manjano yalionekana. Niliyajua. Kipande kingine cha kitambaa hicho ndicho pazia la chumba changu. Nilikuwa nimelala chini ya pazia lile tangu nilipohamia, na sikuwahi kumuuliza Mama chumba kile kilikuwa cha nani.

Mwenyekiti akavua kofia. Akasema barabara itapinda hapa, hapa peke yake. Mama akatikisa kichwa.

"Kalas. Imekwisha. Mumeona. Pitisheni barabara yenu." Kisha akamtafuta muuza vipuri kwa macho mpaka akampata nyuma ya watu. "Wewe nabeba yeye siku ile. Beba tena."

Alikuja. Alishuka shimoni, na Mama akatandika shuka, na wakaokota kila kilichokuwepo, cha binti na cha mtoto wake, kwa sababu vilikuwa pamoja. Yule bwana alilia kwa sauti, makamasi yakimtoka, na Mama hakumwambia anyamaze wala asinyamaze. Wanaume walewale wakaenda nyuma ya jikoni kuvunja mwamba kwa mitalimbo. Walivunja hadi jua likaegemea mlima na bado shimo lilikuwa fupi. Ikabidi lijengewe juu. Matofali yaliyokuwepo ni yale ya barabarani, kwa hiyo binti wa Mama amelala chini ya matofali ya makaburi ya uongo, na msalaba wake ni ule wa nondo, mweupe, wa mjomba ambaye hakuwahi kufa. Ndilo kaburi zuri kuliko yote mtaani. Bakuli nililirudisha juu yake kwa mkono wangu.

Barabara ilitengenezwa vizuri, sitasema uongo. Imenyooka, katikati imeinuka, na maji yanakimbilia mtaroni. Lori la maji linafika hadi langoni. Watu waliikanyaga kwa viatu vya Jumapili, na mwenyekiti alipiga picha na watu wa shirika. Mama hakuonekana kwenye picha. Kwa muda mrefu alikuwa akienda sokoni kwa kupitia nyuma, kwenye viwanja vya watu, beseni la samaki kichwani, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Pazia nilimrudishia. Alilitundika tena chumbani kwangu nikiwa shuleni, na hatukulizungumzia.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, mke wa muuza vipuri akashikwa na uchungu. Ilikuwa asubuhi, nakunywa chai, mvua inapiga mabati. Tulimsikia akilia ng'ambo, halafu tukasikia gari. Mama alitoka bila mwavuli akasimama langoni. Nikamfuata. Gari lilikuwa limefika mlangoni kabisa kwa jirani, taa zinawaka, na muuza vipuri alikuwa anamwingiza mkewe. Aliinua macho akamwona Mama. Mama akamfanyia ishara kwa mkono, nenda, nenda.

Gari likageuza mbele ya lango letu, likapita juu ya pale alipokuwa amelala binti, likashika njia. Kwa kuwa barabara imenyooka, ukiwa langoni unauona mtaa mpaka mwisho. Tulilitazama likienda, halikuteleza, halikusimama. Chai yangu mkononi ilikuwa bado inatoa moshi lilipokata kona likapanda lami.

Mama aliendelea kutazama pale lilipopotelea, maji yakimtiririka usoni.

"Kumbe lami iko karibu hivi," akasema.