Kitambaa cha Mama Wayua

Wodi ya watoto ilimjua Sista Wamuyu kwa kelele zake. Kazi yake ilikuwa moja, watoto wa pumu, na aliifanya kama mtu aliye harusini. Akiwaonyesha namna ya kuvuta dawa ya pampu, alivuta pumzi mpaka mashavu yakabonyea, akahesabu kumi kwa vidole, ndipo akaiachia, na wodi nzima ikamwiga, hata mfagiaji.

Mwaka wa themanini na nne, mtoto Wayua wa Kibera alirudishwa wodini mara ya tatu, kifua kikilia kama filimbi.

"Mama Wayua, ile pampu ya dawa niliyokupa, mnaitumia?"

"Naiweka vizuri sana, Sista."

Jibu hilo lilimkera. Jumamosi Wamuyu alitoka kwake Kawangware kwa miguu, akinuna njia nzima, hadi nyumbani kwa Mama Wayua, mtaa wa Gatwekera huko Kibera, akajionee.

Pampu ilikuwa juu ya redio, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, chenye maua. Haikuwa imeguswa.

"Hiyo ni kitu ya hospitali, Sista! Si mtoto ataichezea aiharibu?"

Wamuyu alicheka mpaka akashika mlango. Akakivua kile kitambaa, akamwita Wayua nje, na asubuhi hiyo ploti nzima, majirani wote wa uani, ikavuta pumzi na kuhesabu kumi, fundi wa viatu akiwazidi wote kwa sauti.

Miezi miwili baadaye Mama Wayua alifika kliniki akihema, Wayua amemtangulia mbio, pampu mkononi. Alimpa Sista kitambaa, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Chukua tu. Siku hizi haina kitu ya kufunika."