Historia ya Mtaa Usio na Barabara

Walisema sitaandika hata ukurasa mmoja. Mlinzi wa kanisa letu alitamka mbele ya watu, siku naaga: "Huyu? China atafika. Lakini hizo picha zetu tumezizika leo." Watu wakacheka.

Kwetu milimani, Waanglikana tunaita mtaa makanisa machache ya vijijini yaliyo chini ya padri mmoja. Wetu ulianzishwa na mmisionari Mwingereza aliyejenga kanisa akiiga la kijijini kwao: mnara mfupi, kengele moja, makaburi kando ya ukuta. Historia yake ilikuwa imelala masandukuni mwa watu. Nyumba kumi na moja zikaniazima picha na barua. Padri, baada ya kusitasita sana, akaniazima daftari la ubatizo, ambalo halina nakala. Nikavibeba vyote hadi Guangzhou. Kingepotea kimoja, nisingerudi kwetu.

Diploma yangu niliisoma kwa Kichina, na niliipata. Jumamosi niliwatafsiria wafanyabiashara wa Dar waliokuja kununua nguo za jumla pale soko la Shisanhang. Jumapili, baada ya ibada, niliandika chumbani kwangu Dengfeng, daftari likiwa ndani ya foronya. Mwandiko wa yule Mwingereza ulimshinda kila padri aliyemfuata. Mimi niliusoma wote.

Kitabu kilipokamilika nilikipeleka kwa mama mmoja mwenye duka la uchapaji. Akatafsiri jina la kitabu, lenye neno mtaa, kwa simu yake, kesho yake akanionyesha jalada: maduka ya Dengfeng, taa za rangi, pikipiki za umeme.

"Laoban," nikamwita, yaani bosi, "hii nini?"

"Mtaa," akajibu, akinyoosha kidole nje. "Mzuri. Watu wengi."

"Mtaa wetu hauna hata barabara!"

"Sasa huo ni mtaa gani?"

Mzanzibari mmoja aliyekuja kuchukua kadi zake za biashara akadakia kwa Kiswahili: "Kaka, mwambie ni kama msikiti, ila wa Wakristo. Atafahamu."

Nikamwambia, akafahamu. Akataka picha ya kanisa abaki nayo mpaka Jumatatu. Nikakataa. Nilisimama kando ya mashine mpaka ilipomaliza kuinakili, nikaondoka nayo kifuani.

Niliporudi nyumbani nilipita mlango kwa mlango siku nzima, kila mtu na chake, na kitabu juu yake. Padri alifunua daftari ukurasa kwa ukurasa, akanipa mkono. Wa mwisho alikuwa bibi mjane.

"Bibi, nimekuletea picha yako ya harusi, ile aliyoniazima babu."

"Kumbe unayo wewe, mjukuu wangu? Nami miaka yote hii namlaumu marehemu kwamba aliipoteza!"

Akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaingia nayo ndani kwenda kumwomba mumewe radhi.